Mafuta Inashuka: somo la presio ya mafuta katika lori kuukuu

0. Utangulizi

Katika Kiswahili cha Lubumbashi, sentensi «Mafuta inashuka» inaweza kuwa na maana nne. Mama wa sokoni akiisema, anataka kueleza kwamba bei ya mafuta ya kupikia imepungua. Dereva akiisema huku akitazama tanki, mazutu yanakwisha. Fundi aliyeshika kijiti cha kupimia akiisema, kiwango cha mafuta ndani ya moteri kimepungua. Na mtu anayetazama mshale wa kipimo mbele ya usukani akiisema, presio ya mafuta inaanguka. Wasemaji ni wanne, sentensi ni moja. Kila siku mazingira ndiyo yanayotuokoa: tunamwona msemaji, tunaona anachokitazama, tunaelewa. Lakini msemaji akiwa mbali, kwenye simu yenye mtandao mbaya, mazingira hayapo tena, na sentensi inabaki peke yake.

Mwaka jana moteri ya lori la mjomba wangu ilikufa kwa sentensi hiyo. Makala haya yana madhumuni mawili. La kwanza ni kueleza, kwa Kiswahili kinachoeleweka, jinsi ya kuchunguza shida ya presio ya mafuta katika lori la zamani. La pili ni kuonyesha kwamba nusu ya uchunguzi huo ni kazi ya lugha: kujua nani alisema nini, kuhusu nini, na kwa neno gani. Sisi wa lugha za Kiafrika tunazoea kutafuta mifano yetu katika hadithi na methali. Garajini pia iko mifano, na huko kosa la maana hulipwa kwa fedha.

Neno moja kuhusu istilahi. Nitatumia maneno niliyoyasikia kwa mafundi wa mjini, mengi yakiwa yametoka katika Kifaransa: presio, moteri, pompi, karteri (bakuli la chini linalokaa mafuta), kusine (vipande vyembamba vya chuma laini ambamo mhimili wa moteri huzungukia), vilbreke (mhimili wenyewe), klape (mlango mdogo wenye springi) na krepine (wavu wa kuchujia mdomoni mwa pompi). Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi atasema presha, injini, pampu na beringi. Tunazungumza kitu kilekile.

1. Kisa chenyewe

Lori ni la dizeli, la silinda sita, lina zaidi ya miaka 40, na kazi yake ni kuleta mahindi Lubumbashi kutoka upande wa Kasenga. Siku hiyo dereva aliona kwamba kila alipopunguza mwendo, mshale wa presio ulianguka karibu na sifuri, na kila alipokanyaga tena ulipanda kidogo. Alisimama mahali penye mtandao, akampigia mjomba.

«Papa, mafuta inashuka.»

Mjomba alikuwa mjini, hakuona mshale. Alielewa kwamba mafuta yamepungua ndani ya moteri. Akajibu kama mwenye lori yeyote angejibu: «Ongeza litri mbili, uendelee.» Dereva akaongeza. Baada ya kitambo akapiga tena:

«Papa, bado inashuka.»

«Ongeza tena.»

Kabla ya jioni moteri ilianza kugonga, kisha ikashikana na kuzimika katikati ya barabara. Lori lilivutwa hadi mjini. Fundi alipofungua kizibo cha karteri, mafuta yaliyotoka yalikuwa mengi kuliko inavyotakiwa, mepesi kama maji, na yakinuka mazutu. Moteri haikuwa imekosa mafuta hata kidogo. Ilikuwa imejaa kupita kiasi.

Mjomba alisema dereva amemdanganya: alidai mafuta yamepungua, kumbe yamezidi. Akamfukuza. Dereva naye alisema alitii amri mbili alizopewa na mwenye mali. Mama yangu, ambaye ni dada yake mjomba na anajua ninasomea nini, aliniambia: «Wewe unayesoma maneno, enda usikilize hawa watu wawili.» Nilikwenda. Baadaye nilikaa garajini wiki kadhaa na daftari, kwa sababu niligundua kwamba siwezi kuamua maana ya sentensi bila kujua moteri inavyofanya kazi.

2. Presio inatoka wapi

Kosa la kwanza tunalofanya wengi ni kufikiri kwamba pompi inatengeneza presio. Fundi niliyekaa naye alinisahihisha siku ya kwanza. Pompi inasukuma mafuta tu. Presio inazaliwa pale mafuta yanapokuta kizuizi. Fungua bomba la maji lisilo na kitu mdomoni: maji yanatoka bila nguvu. Ziba mdomo nusu kwa kidole: sasa maji yanaruka mbali. Bomba ni lilelile na maji ni yaleyale. Kilichoongezeka ni kizuizi.

Katika moteri, mafuta huvutwa kutoka karteri kupitia krepine, hupita katika pompi, kisha katika chujio, kisha huingia katika njia nyembamba zinazoelekea kwenye kusine za vilbreke na sehemu nyingine zinazosuguana. Kidole kinachoziba bomba ni nafasi ndogo sana iliyopo kati ya vilbreke na kusine zake. Nafasi hiyo hupimwa kwa sehemu za mia za milimita. Vilbreke haigusi kusine kweli: inaelea juu ya utando wa mafuta. Utando ukikosekana, chuma hugusa chuma, joto hupanda, na kusine huyeyuka au hushikana na mhimili.

Hapa kuna hesabu moja inayofaa kukumbukwa. Mafuta yanayopita katika nafasi nyembamba huongezeka kwa mchemraba wa nafasi hiyo. Yaani nafasi ikiwa mara mbili ya ile ya mwanzo, mafuta yanayotoroka huwa mara nane, kwa presio ileile na mafuta yaleyale. Ndiyo maana moteri kuukuu inaweza kuonekana nzima miaka mingi, halafu ikapoteza presio kwa muda mfupi: uchakavu unaongezeka polepole, lakini mtoroko wa mafuta unakimbia.

Mwisho, iko klape ya kupunguzia. Presio ikizidi, mafuta huisukuma springi yake, klape hufunguka, na mafuta ya ziada hurudi karteri. Kazi yake ni kuzuia presio isipite kipimo. Presio ikiwa chini, klape hii hukaa imefungwa. Tutalirudia jambo hili.

3. Sababu za presio kushuka

Tukifuata maelezo hayo, sababu zote zinaingia katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza: kipimo kinasema uongo. Presio ni nzuri, lakini mshale au taa ya mafuta inaonyesha vibaya kwa sababu ya kitambuzi kilichokufa, waya uliokwaruzwa, au kijibomba chembamba kilichoziba nyuma ya kipimo.

Fungu la pili: mafuta yanayosukumwa ni machache. Kiwango ndani ya karteri kiko chini; krepine imeziba kwa uchafu; bomba la kuvutia lina ufa, pompi inavuta hewa; meno ya pompi yamelika; au klape imekwama wazi kwa sababu ya takataka au springi iliyovunjika.

Fungu la tatu: kizuizi kimepungua. Kusine zimechakaa, mafuta yametoroka mahali ambapo kizibo kimetoka, au mafuta yenyewe yamekuwa mepesi mno. Wepesi huo unaweza kutokana na joto la kupita kiasi, na aina ya mafuta isiyofaa moteri hiyo, au na mazutu yaliyoingia ndani yake.

Mazutu huingiaje? Katika moteri nyingi za dizeli za zamani, pompi ya sindikizo, ile inayopeleka mazutu kwenye silinda, hulainishwa na mafuta ya moteri yenyewe. Sehemu zake za ndani zikichakaa, au pompi ndogo iliyoshikamana nayo ikivuja, mazutu huteleza ndani ya mafuta na kurudi nayo karteri. Chombo cha kunyunyizia kinachochuruza ndani ya silinda huleta shida hiyohiyo kwa njia nyingine: mazutu yasiyoungua hushuka kando ya pistoni.

Tazama matokeo yake. Kiwango kwenye kijiti kinapanda, huku presio inashuka. Hilo ndilo lililotokea njia ya Kasenga. Amri ya kuongeza mafuta haikuwa dawa ya ugonjwa huo hata kama ingerudiwa mara kumi, kwa sababu mazutu yaliendelea kuingia.

4. Hatua za uchunguzi

Mpangilio ufuatao ndio niliouona ukifanywa na fundi makini. Siri yake ni kuanza na kisicho na gharama, na kufungua moteri mwisho.

Hatua ya kwanza: zima moteri. Taa ya mafuta ikiwaka au mshale ukianguka katika safari, usiendelee «mpaka kijiji cha mbele». Moteri isiyo na presio inaweza kuharibika kwa dakika chache tu. Kusukuma lori kando ya barabara ni kazi ngumu, lakini vilbreke mpya ni ngumu zaidi.

Hatua ya pili: kijiti. Simamisha lori mahali tambarare, ngoja kama dakika 10 mafuta yashuke karteri, chomoa kijiti, pangusa, rudisha, chomoa tena. Usitazame kiwango peke yake. Nusa: kuna harufu ya mazutu? Sugua kati ya vidole: yana utelezi mzito au yanakimbia kama maji? Tazama rangi: mafuta meusi ni kawaida katika dizeli, lakini mafuta ya rangi ya maziwa maana yake maji yameingia. Kiwango kikiwa juu ya alama na harufu ya mazutu ipo, uchunguzi umekaribia kwisha: usiongeze kitu, usiwashe moteri.

Hatua ya tatu: maswali. Presio ilianza kushuka lini? Ikishuka polepole kwa miezi, fikiria uchakavu. Ikianguka ghafla, fikiria pompi, krepine, klape, kizibo au waya. Ikishuka tu moteri ikiwa moto na mwendo mdogo, fikiria kusine au mafuta mepesi. Ikishuka tu kwenye mteremko au kona, kiwango kiko chini na pompi inameza hewa. Ikianza mara tu baada ya kubadilisha mafuta, uliza ni mafuta gani na chujio gani viliwekwa. Maswali haya ni bure, na fundi mzuri huyauliza kabla ya kugusa ufunguo.

Hatua ya nne: mshitaki kipimo kabla ya kushitaki moteri. Kwa taa ya kawaida ya lori la zamani, chomoa waya kwenye kitambuzi huku umeme ukiwa umefunguliwa: taa inapaswa kuzimika. Ikiendelea kuwaka, waya unagusa bodi mahali fulani. Kisha toa kitambuzi, funga mahali pake manometa ya mkono unayoiamini, na upime mara nne: moteri baridi na moteri moto, mwendo wa chini na mwendo wa juu. Kitabu cha moteri ndicho chenye neno la mwisho kuhusu kipimo kinachotakiwa. Kikikosekana, mafundi hutumia kanuni ya jumla: moteri ikiwa moto, karibu bari 0,7 kwa kila mizunguko 1000 ya dakika. Kwa hiyo kwenye mizunguko 2000 tungetarajia bari 1,4 au zaidi. Baadhi ya vipimo huandikwa kwa psi. Bari 1 ni psi 14,5.

Hatua ya tano: badilisha mafuta na chujio, na usitupe chujio cha zamani. Kipasue, kunjua karatasi yake, ukitazame juani. Vumbi dogo la kijivu katika moteri ya zamani halitishi. Vipande vinavyometa ni habari nyingine. Vipitishie sumaku: vikikamatwa, ni chuma au chuma cha pua kutoka kwenye meno, mhimili au pete. Visipokamatwa na vikiwa laini vya rangi ya fedha, au vikiwa na rangi ya shaba, tazama upande wa kusine. Kusine nyingi zina tabaka: juu metali laini ya kijivu, chini yake shaba iliyochanganywa, na mgongo wa chuma. Rangi ya shaba maana yake tabaka la juu limekwisha.

Hatua ya sita: klape ya kupunguzia. Katika moteri nyingi inafikiwa bila kufungua kila kitu. Itoe, safisha, tazama kama inateleza vizuri na kama springi yake ni nzima.

Hatua ya saba: shusha karteri. Hapo utaona krepine, bomba la kuvutia na pompi. Fungua kifuniko kimoja cha kusine ya kati na kimoja cha mkono wa pistoni, upime nafasi. Ukikuta imepita kipimo cha kitabu, jibu limepatikana, na dawa yake ni kusine mpya, pengine pamoja na kuchonga vilbreke.

Onyo moja kuhusu njia za mkato. Nilisikia mara kadhaa ushauri wa kukaza springi ya klape au kuweka kijipete nyuma yake ili mshale upande. Rudi kwenye sehemu ya pili ya somo. Klape hufunguka tu presio ikiwa juu. Kama presio iko chini kwa sababu kusine zimechakaa, klape tayari imefungwa. Kukaza mlango uliofungwa hakuongezi kitu. Na kumimina mafuta mazito kupita yale ya kitabu kunaweza kupandisha mshale, lakini asubuhi ya baridi mafuta hayo yatachelewa kufika kwenye kusine, wakati ambapo zinayahitaji zaidi. Mshale utakuwa umepona, mgonjwa bado.

5. Lugha ndani ya uchunguzi

5.1. Mafuta ni mengi, neno ni moja. Kiswahili kinaita mafuta kitu cha kupikia, cha kujipaka, cha kuwasha na cha kulainisha. Mjini kwetu tuna neno mazutu kwa dizeli, na wengi husema esanse kwa petroli, kwa hiyo njia ya kutofautisha ipo. Lakini katika mazungumzo ya haraka neno la jumla hushinda. Fundi aliyefungua karteri alisema: «Mafuta imeingia mu mafuta.» Waliokuwapo walicheka. Sentensi ile ilikuwa sahihi kabisa, na haikuweza kumsaidia mtu yeyote asiyekuwapo.

5.2. Upatanisho. Hapa ndipo penye kiini cha kisa. Katika Kiswahili sanifu, mafuta ni ya ngeli ya ya-: mafuta yanashuka. Presio, kama presha, ni ya ngeli ya i-: presio inashuka. Ukiacha nomino, kiambishi cha kitenzi bado kinabeba habari: «bado yanashuka» ni mafuta, «bado inashuka» si mafuta. Lakini katika Kiswahili cha Lubumbashi, kama Edgar Polomé alivyokwisha kuonyesha katika miaka ya 1960 na wengine baada yake, mfumo wa upatanisho umerahisishwa, na i- hutumika kwa vitu vingi visivyo na uhai. Kwetu «mafuta inashuka» na «presio inashuka» zote ni sawa. Kwa hiyo dereva aliposema mara ya pili «bado inashuka», alikuwa anazungumza juu ya mshale, na mjomba aliendelea kusikia mafuta. Mzungumzaji wa Kiswahili sanifu angeweza kushtuka kwa kiambishi. Mjomba hakuwa na sababu ya kushtuka.

Sisemi kwamba Kiswahili chetu ni kibovu. Kila lugha huacha alama fulani na kutegemea nyingine. Kifaransa, kwa mfano, kina maneno mawili tofauti kwa mafuta ya moteri na mazutu, hivyo kosa hili lisingezaliwa pale kwa namna hii. Kila lugha ina mashimo yake. Cha lazima ni kujua yako wapi kabla ya kupita usiku.

5.3. Sitiari ya mwili. Garajini moteri ni mwili: pompi ni moyo, mafuta ni damu, na presio ni neno lilelile la hospitali. Sitiari hii inafundisha vizuri. Mwanafunzi wa fundi akiambiwa kwamba damu haifiki, anaelewa mara moja kwa nini asiwashe moteri. Lakini inapotosha pia. Kwa binadamu tunaogopa hasa presio inayopanda. Katika moteri tunaogopa inayoshuka. Tena mgonjwa aliyepungukiwa damu huongezewa damu, na mjomba alifanya hivyohivyo: aliongeza. Sitiari ilimpa jibu kabla hajauliza swali.

5.4. Viigizi sauti. Jambo lililonifurahisha zaidi ni namna mafundi wanavyotumia viigizi kama chombo cha kazi. Mteja huulizwa: «Inalia namna gani?» Akijibu «ti-ti-ti-ti», fundi anatazama juu, kwenye supapu, ambako mafuta yanafika mwisho. Akijibu «ngo, ngo, ngo», fundi anainamia chini, kwenye kusine. Irabu ya mbele inabeba sauti nyepesi na ya haraka, irabu ya nyuma inabeba sauti nzito na ya ndani. Kisha fundi huuliza kama ngo-ngo inaongezeka lori likipanda kilima na mzigo. Ikiongezeka, shaka ya kusine za mikono ya pistoni inakua. Nilimsikia mteja mmoja akisitasita kati ya «ta-ta» na «to-to», na fundi akasubiri kwa subira kama mwalimu wa fonetiki, kwa sababu alijua kwamba irabu hiyo moja inaweza kuamua wapi atafungua kwanza.

6. Hitimisho

Nilirudi kwa mjomba nikamweleza mbele ya mama. Nilimwambia kwamba dereva alisema kweli mara zote mbili, na kwamba yeye alielewa kwa haki kile sentensi ilichoruhusu. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza: «Basi angesema nini?» Ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa tangu nianze masomo haya, na nimejaribu kulijibu kwa kitu kinachoweza kufungwa ndani ya kabini ya lori. Ni karatasi ndogo, kwa Kiswahili cha mjini, yenye mistari minne ambayo dereva husoma kwenye simu, na mwenye lori hana ruhusa ya kujibu kabla ya kusikia yote:

— Presio: mshale iko wapi, moteri moto ao baridi, mwendo kidogo ao mwingi?
— Nivo: ku kijiti mafuta ya moteri iko juu, katikati ao chini?
— Harufu: inanuka mazutu, ao hapana?
— Sauti: inalia namna gani?

Kila mstari unaanza na jina la kitu, ili kitenzi kisibaki peke yake na kiambishi kisichosema kitu. Nimechagua presio na nivo, ingawa ni maneno ya mkopo, kwa sababu madereva tayari wanayasema, na kwa sababu hakuna hata moja linaloweza kuchanganywa na mafuta. Istilahi nzuri ni ile inayozuia kosa, hata kama haina asili ya kupendeza.

Ninawaomba wanafunzi wenzangu wajaribu kazi ya namna hii mahali pengine: zahanati, soko la fedha, mnara wa simu, mgodi. Mahali popote ambapo watu wawili wanaongea juu ya kitu ambacho mmoja tu anakiona, pana sentensi kama ile yetu inayongoja siku yake. Tukaisikilize kabla haijavunja kitu.

Dereva amerudishwa kazini. Moteri iliwekwa kusine mpya, vilbreke ikachongwa, na pompi ya sindikizo ikatengenezwa. Katika safari ya kwanza alipiga simu kutoka njia ya Kasenga. Mjomba aliweka sauti ya juu ili sote tusikie. «Papa,» dereva akasema, «presio: mshale iko katikati, moteri moto, mwendo kidogo.» Mjomba akajibu: «Na nivo?»